Saba za Mwalimu Sostenes

Nadège alikuwa katikati ya daraja la waenda kwa miguu, juu ya barabara ya Guangyuan Xilu, alipopigiwa kelele kutoka nyuma. Akajibana kwenye chuma, na robota la jinzi lenye ukubwa wa jokofu likampita, likisukumwa na mwanamume ambaye miguu yake tu ndiyo ilionekana. Kule Yiwu, alikoishi miaka mitano akiwatafsiria wafanyabiashara wa Lubumbashi na Kolwezi, mizigo ilipita nyuma ya maduka. Hapa ilipita palepale walipopita watu, na aliyechelewa kusogea alijijua mwenyewe. Akautazama tena ujumbe kwenye simu yake: "Ghorofa ya tatu, mlango wa kijani. Ukisikia makelele ndiyo hapo. Sostenes."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga Guangzhou. Mteja mmoja wa Kalemie alikuwa amemtuma vitambaa vya mapazia kwenye soko la vitambaa la Zhongda, na kila aliyemuuliza ni nani anayeijua Zhongda alimtajia jina lilelile: Sostenes wa Makambako, yule mwalimu. Nadège alidhani mtu huyo anafundisha shule. Kwao Kongo mwalimu ni mtu wa chaki.

Makelele aliyasikia tangu ghorofa ya pili.

Nyuma ya mlango wa kijani palikuwa na ofisi ya mizigo ya Floribert, mtu wa Bukavu, mwenye kitambi na miwani ya kusomea iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Marobota yalipangwa hadi darini pande tatu za chumba. Upande wa nne kulikuwa na meza, mizani, na karatasi moja iliyobandikwa ukutani kwa utepe wa kufungia mizigo. Wanaume watatu walisimama mbele ya karatasi hiyo, na hakuna aliyegeuka Nadège alipopiga hodi.

"Makocha Wakuu, Ligi ya Vyuo," kilisomeka kichwa cha karatasi. Chini yake majina sita. Rotich wa kwanza. Sostenes wa tano.

Nadège aliijua nusu ya habari, maana usiku wa juzi Sostenes alimtumia ujumbe wa sauti mrefu kuliko ilivyohitajika kwa mapazia. Wanafunzi wa Kiafrika wa vyuo vikuu vya mji huu wana ligi yao, timu sita, na makocha wao ni wafanyabiashara wanaojitolea siku ya Jumapili baada ya ibada. Kila mwaka makocha hupangwa, wa kwanza hadi wa sita, na wa kwanza ndiye huwa kocha mkuu wa timu ya mji mzima inayokwenda kucheza na miji mingine. Mwaka huu ilikuwa Changsha, na safari ilikuwa leo. "Dada," ilisema ile sauti, "asubuhi nitakuonyesha Zhongda, maana jioni nasafiri na vijana, Mungu akipenda. Nikirudi na barua ya ukocha mkuu, basi, nimemaliza kazi ya China. Narudi nyumbani."

Chuo kimoja cha ualimu mkoani Njombe kilikuwa kinatafuta mkufunzi wa michezo. Mkuu wa chuo alimkumbuka Sostenes tangu alipokuwa mwalimu wa Jiografia Makambako, akifundisha soka jioni kwenye kiwanja chenye mteremko. Lakini kulikuwa na mwombaji mwingine, kijana mwenye vyeti. Mkuu akamwambia: niletee karatasi inayoonyesha umeongoza timu ya vyuo kama kocha mkuu, nitakupigania. Usaili ulikuwa wiki mbili mbele. Sostenes alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alikuja China kwa miezi mitatu, kumsaidia shemeji yake kuchagua vitenge, na sasa ulikuwa mwaka wa kumi na moja. Mkewe Bibiana alikuwa ameacha kumuuliza atarudi lini.

Orodha ilikuwa imebandikwa saa tatu asubuhi. Zhongda ikasahauliwa.

"Nimeshinda mechi kumi kati ya kumi na mbili," alisema Rotich, Mkenya wa Eldoret mwenye shingo nene, muuzaji wa vipuri vya simu. "Kumi, buda. Wewe umeshinda tisa. Kati ya kumi na tisa, kubwa ni ipi? Hata mtoi wa nasari anajua."

"Timu yako uliikuta inajua mpira," Sostenes akajibu. Alikuwa mrefu, suruali imenyooshwa ikasimama, na utepe wa kupimia nguo ukichungulia mfukoni mwa shati. "Vijana wangu niliwakuta wanafungwa nane bila. Golikipa alikuwa anasomea udaktari wa meno, mpira ukija anafumba macho."

"Sasa hiyo si shida ya meno?"

Floribert aliguna kwa kicheko akakimeza.

"Mpime kocha kwa alichokikuta na alichokiacha," Sostenes akaendelea. "Usipompima hivyo, hujampima."

"Kumbe timu mbovu ni bahati! Basi mwakani mimi nachukua wazee wa kwaya. Wakitoka sare mara moja, nipeni namba wani."

"Bwana Rotich, mimi nazungumza jambo la maana."

"Na mimi natania? Gari liko chini, jina lililo juu ya karatasi ni langu, na bado nimesimama hapa nakusikiliza. Hiyo ni heshima, mzee. Usiichoshe."

Floribert, mhesabu kura wa ligi, aliinua viganja vyote viwili. "Njo sababu tulifanya nusu kwa nusu. Nusu ni matokeo. Nusu ni pointi wachezaji wenyewe wanamupa kocha wao. Matokeo yako, papa Sostenes, ni mazuri kabisa. Wachezaji njo walikuangusha. Walikupa nane. Nane juu ya makumi mbili! Nilijumlisha mara tatu, kwa sababu sikuamini macho yangu."

Sostenes akaitazama ile karatasi, na Nadège, aliyekuwa bado amesimama mlangoni na begi begani, akaelewa kwa nini mtu huyu amebishana juu ya mechi tangu asubuhi. Alikuwa analizunguka hilo neno moja asiliguse. Vijana wa kwao Tanzania, aliowafuata kila Jumapili kwa metro, treni mbili kwenda na mbili kurudi, aliokaa nao hospitali wakivunjika, wamempa nane kati ya ishirini.

"Nionyeshe hizo kura," akasema hatimaye.

"Haiwezekani. Ni siri. Utajua miandiko yao."

"Basi mtu mwingine azione."

"Nani? Kila mutu hapa ana timu."

Ndipo wote watatu wakageuka kumtazama mgeni.

"Mama huyu anatoka Yiwu," Sostenes akasema. "Hana timu. Pole ya safari nitakupa baadaye, dada Nadège, unisamehe. Unajua kujumlisha?"

"Kujumlisha ndiyo kazi yangu, kaka."

Rotich akatazama saa. Ilikuwa saa nane kasoro robo. Treni ilikuwa inaondoka Stesheni ya Kusini saa kumi na moja kasoro dakika kumi, na bila kuondoka hapa saa tisa hawataiwahi. "Ahesabu," akasema. "Lakini akipata nane, hii story imeisha. Tumeelewana?"

Sostenes akaitikia kwa kichwa.

Floribert akashusha boksi la viatu kutoka juu ya marobota. Kura za timu ya Sostenes zilikuwa zimefungwa kwa raba. Nadège akaketi kwenye mizani, maana kiti hakikuwepo, akaziweka magotini. Vilikuwa vipande vya karatasi vilivyokatwa kwa mkasi, kila kimoja kimechapwa maneno mawili: KOCHA, na mstari, POINTI, na mstari. Hakuna kingine.

Akajumlisha. Kura kumi na nne, jumla mia moja na kumi na tatu. Nane na kitu kidogo. Floribert hakuwa amekosea.

Alitaka kusema hivyo. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini kuna jambo lilimkera, akazipitia upya polepole. Saba. Saba. Saba. Saba. Tisa. Saba. Hakukuwa na kumi na mbili wala kumi na nne, zile namba anazotoa mtu asiyetaka kuudhi wala kusifu. Watu kumi na mmoja kati ya kumi na nne walikuwa wameandika namba ileile. Na chini ya saba moja, kwa kalamu ya wino wa bluu, mtu aliongeza: "Asante sana mwalimu." Kwenye nyingine saba ilipigiwa mistari miwili chini na kuwekewa alama tatu za mshangao.

Nani anamshukuru mtu huku akimfelisha?

Kabla ya China Nadège aliishi Tunduma miaka miwili, akivusha vitenge mpakani. Akakumbuka asubuhi moja mtaa mzima ulipoamka kwa ndoo kupigwa. Binti wa mama mwenye nyumba, Kissa, alikuwa amepata matokeo ya kidato cha nne. Mama alikimbia barabarani na kanga moja, akilia na kucheka, akimshika kila anayepita: "Saba! Mwanangu kapata saba!" Nadège, aliyesomea Lubumbashi, alimshika mkono akampa pole.

"Papa Floribert," akasema, "hapa kwenye karatasi, uliandika wapi kwamba ni pointi ishirini?"

"Kwa nini niandike? Pointi ni juu ya makumi mbili. Chuo, shule, hata katekisimu. Dunia nzima."

"Si dunia nzima." Akainuka kwenye mizani, nayo ikalia. "Tanzania mwanafunzi akimaliza kidato cha nne wanamhesabia pointi, na zikiwa chache ndiyo amefaulu. Bora kupita zote ni saba. Divisheni wani ya pointi saba. Chini ya hapo haipo. Anayefeli kabisa ndiye anafika thelathini na tano." Akamrudia Floribert kwa Kifaransa, pole pole, asibakize mwanya. "Vijana hawa hawakumpa nane. Walimpa saba."

Kelele za mikokoteni zikapanda kutoka barabarani.

"Wani ya saba," Sostenes akanong'ona. Akashika ukingo wa meza. Usoni mwake furaha ilikuja ikasimama mlangoni, haijui kama inaruhusiwa kuingia.

"Apana, apana, apana," Rotich akasema. "Ngoja kwanza. Mimi nilipopewa hizi karatasi niliuliza. Nilimpigia huyu mzee simu: pointi ngapi? Akaniambia ishirini. Nikawaambia wachezaji wangu. Wewe hukuuliza. Sasa umeanguka, ndio hesabu ya kwenu inageuzwa juu chini?"

"Sikuwaambia chochote kwa sababu nilikatazwa kuongea nao habari ya kura," Sostenes akasema. "Nilitii."

"Ulitii!"

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Akaingia msichana wa miaka ishirini na miwili, jezi ya timu ya mji mwilini na sanduku la dawa mkononi. Alikuwa Goodness, mwanafunzi wa uhandisi katika timu ya Sostenes, ambaye huwafunga vijana bandeji na kutunza ratiba.

"Shikamoo mwalimu. Shikamooni. Dereva anasema bu xing, bu xing, haiwezekani. Saa tisa akiiona anaondoka, tuwemo tusiwemo."

"Marahaba," Sostenes akasema. "Shuka, tunakuja."

"Asishuke," Rotich akamkatiza. "Goodness, njoo hapa. Usimwangalie mwalimu wako, niangalie mimi. Nikikwambia nimekupa pointi saba, unasikiaje?"

Goodness akawatazama mmoja mmoja akitafuta mtego. "Saba ya nini?"

"Saba tu."

"Shuleni?"

"Nimekwambia saba tu."

"We kaka, si ungeanza na hiyo! Saba! Mimi nilipata tisa, na baba alichinja mbuzi. Saba angechinja jirani." Akacheka peke yake, kicheko kikaisha taratibu. "Kwani kuna nini?"

Floribert alikuwa amevaa miwani yake, akaivua. "Mungu wangu," akasema kwa Kifaransa.

Lakini Rotich hakuwa mtu wa kushindwa kwa mbuzi. "Hiyo ni shule. Labda kwa kura walijua ni ishirini, wakampa saba ya ukweli. Saba mbaya. Tutajuaje? Kama kweli walikuwa wanatumia hesabu ya kwao, mbona hakuna hata mmoja aliyezidi ishirini?"

Neno hilo lilimfanya Floribert akune kidevu. Angeweza kunyamaza. Nadège alimwona akipima kunyamaza, akaona pia kwamba hawezi. Mkono wa Floribert ukaingia ndani ya boksi, ukatoka na bahasha ndogo.

"Kura zilikuwa kumi na tano," akasema. "Moja niliitupa. Niliona imeharibika. Mutu hawezi kutoa ile juu ya makumi mbili."

Akakiweka kipande mezani. Kwenye mstari wa pointi paliandikwa, kwa mwandiko wa haraka, uliokaza kalamu hadi karatasi ikachanika kidogo: 34.

Goodness aliisoma kwanza. "Thelathini na nne?" akasema. "Hiyo si ni zi—"

Akajifunika mdomo.

Hakuna aliyehitaji kumalizia. Thelathini na nne ni divisheni ziro. Ushahidi wote ambao Sostenes aliuhitaji ulikuwa pale mezani, umekamilika, na ulisema kwamba mmoja wa vijana wake, akizijua vizuri hesabu za kwao, amempa ziro.

"Sawa," Rotich akasema, sauti imeshuka. "Nimekubali. Ni hesabu yenu. Lakini hii nayo inahesabiwa."

"Iliharibika," Floribert akasema haraka. "Sheria inasema iliyoharibika inabaki inje."

"Iliharibika kwa ishirini. Kwa hesabu ya kwao ni nzima kabisa. Mzee, huwezi kuifanya shahidi halafu umfukuze shahidi kortini. Ama zote ni za Tanzania na hii imo, ama zote ni ishirini na orodha inabaki pale ukutani."

Wakamgeukia Sostenes. Goodness, aliyesomewa namba zote na Nadège, alikuwa ameshatoa simu, kidole juu ya namba, lakini hajabonyeza. Nadège alijumlisha kichwani akaacha, asitake kujua kabla yake. Ziro moja kati ya kura kumi na tano inaweza kumshusha mtu mbali. Na hakuna aliyejua ni umbali gani.

Sostenes alikichukua kile kipande. Alikishika kama anavyoshika kitambaa, kwa kidole gumba na cha shahada, akikisugua kidogo. Nadège alidhani anautafuta mwandiko. Kisha akakigeuza uso chini, makusudi, akakirudisha mezani.

"Mwalimu," Goodness akasema, "kumi na mmoja wamekupa saba."

"Nimesikia."

"Huyu mmoja huenda alikuwa na hasira tu siku hiyo. Kama ile siku ya—"

"Goodness. Usiseme ni siku gani." Akaionyesha simu ya msichana kwa kidevu. "Hesabu. Tia zote."

Goodness akabonyeza. Alieleza kila hatua kwa sauti ili Rotich afuate: saba iwe ishirini, thelathini na tano iwe sifuri, za katikati zigawanywe sawasawa. Rotich alifuata kwa simu yake mwenyewe, midomo ikitembea. Ile ziro ilipoingia, Floribert aligeukia dirishani.

"Kumi na nane," Goodness akasema. "Kumi na nane kamili, kati ya ishirini. Ukijumlisha na kumi na tano za mechi, thelathini na tatu."

"Na yangu?" Rotich akauliza, ingawa aliijua.

"Thelathini na mbili na kidogo."

Rotich alibaki ameiangalia simu yake muda mrefu kuliko namba hiyo ilivyostahili. Kisha akaenda ukutani, akaing'oa karatasi kwa mkono mmoja, rangi ya ukuta ikafuata na utepe.

"Haijafika hata pointi moja, buda."

"Haijafika," Sostenes akakubali.

"Ukifungwa Changsha nitakupigia simu kila asubuhi hadi uzeeke." Akampa mkono, na Sostenes akaupokea, na hakuna aliyebana sana. Mlangoni Rotich akageuka. "Vijana wako wangapi wako kwenye timu ya mji?"

"Watano."

"Watano kati ya kumi na tano waliokupigia kura," Rotich akasema. "Safari njema." Viatu vyake vikasikika vikishuka ngazi hadi vikamezwa na barabara.

Floribert akaandika barua akiwa amesimama. Kocha mkuu, jina, tarehe, muhuri. Alipiga muhuri mara mbili, kwa sababu ya kwanza ilitoka hafifu, na alipomkabidhi akasema, "Unisamehe, papa. Mwaka kesho nitaandika ishirini, kwa maandishi makubwa." Sostenes aliikunja bila kuisoma, akaitia mfukoni kwa utepe wake wa kupimia. Mwaka kesho, kama Njombe watakubali, atakuwa kiwanja kingine.

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika tano. Goodness alishatangulia.

"Dada Nadège, Zhongda nimekuangusha," Sostenes akasema. "Nenda kesho. Siku ya kwanza usinunue, zunguka tu. Kitambaa cha pazia ukishike juani, siyo chini ya taa zao. Ukimtajia laoban, mwenye duka, bei akasema bu xing, ondoka, tembea hatua kumi. Asipokuita, bei yake ndiyo ya kweli, rudi ulipe."

"Hongera, mwalimu," Nadège akasema, na safari hii alijua anamwita nani.

Sostenes akafungua mdomo kama anayetaka kuuliza kitu. Macho yake yalikwenda mezani, kwenye kile kipande kilicholala kifudifudi, ambacho mwandiko wake Nadège alikuwa ameuona. Akaufunga mdomo, akashuka.

Nadège akasogea dirishani. Chini, gari la timu lilikuwa limebanwa kati ya mikokoteni, dereva mkono kwenye honi. Vijana walikuwa wamejipanga kando na mabegi yao, wakasikia habari kwa Goodness, na kelele za shangwe zikapanda hadi ghorofa ya tatu. Sostenes akainua mkono wakanyamaza. Akafungua daftari, akaanza kuita majina.

Wa timu nyingine aliwapitisha haraka: jina, mkono juu, panda. Kisha akafika kwa wa kwake. Akashusha daftari. Akamwita wa kwanza, akamtazama usoni.

"Niko, mwalimu!"

Akamtazama bado, halafu akasogea kumpisha. Wa pili. Wa tatu, yule golikipa wa meno, aliyejibu huku akicheka. Wa nne alijibu akiwa ameinama kufunga kamba za viatu, na wa tano, kijana mrefu mwenye kofia, alijibu akiangalia upande wa pili wa barabara, lakini huko nako robota lilikuwa linaanguka na kila mtu alikuwa analitazama. Dereva akapiga honi ndefu. Sostenes alisimama kidogo na daftari wazi, ingawa majina yalikuwa yamekwisha.

Akapanda wa mwisho. Mlango ukajivuta nyuma yake, na gari likaanza kujipenyeza kuelekea kusini.

"Mama," Floribert akaita kutoka mezani, "utakunywa chai?"

Nadège alikuwa bado dirishani. Gari lilikuwa limekwama tena mbele ya daraja, na kupitia kioo cha nyuma alimwona Sostenes bado amesimama katikati ya viti, mkono mmoja juu, akiwahesabu.